Silva ya nani? Ugomvi wa majina ya njiwa

Wafugaji wa njiwa tuna ugomvi usioisha, majina ya rangi na michoro ya bawa. Kuna wanaotaka tutumie majina yaleyale ya kitaalamu kila mahali, na kuna wanaosema acheni kujidai, njiwa namwona kwa macho na namwita kama babu alivyomwita. Hawa wa pili wana pointi, jina lililozoeleka ndo linauza, ukianza kumwambia mteja "bluu iliyofifia yenye mistari" ashaondoka zake.

Ila hawa wa kitaalamu naona tunawaonea. Chukua silva. Kwa watu wa maonyesho silva ni bluu iliyofifia, ila kwa wengi wa njiwa wa mbio silva ni yule wa rangi ya majivu mwenye mistari miwili myekundu bawani. Mimi niliagiza jike silva kwa simu, nafungua boksi nakuta mistari kama kutu. Mzuri, sikatai, ila siye. Na sio urembo tu, huyu wa mistari myekundu ukimpa dume la bluu la kawaida, makinda madume wanatoka wekundu na majike bluu, yani unajua jinsia wakiwa bado kwenye kiota. Ile silva nyingine ukiipa dume hilohilo unapata bluu watupu, hujui dume yupi jike yupi.

Halafu hili ndo linaninyima usingizi, njiwa asiye na mistari kabisa. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha mistari, madoadoa au bawa tupu vyote vinaongozwa na jeni moja (chembe ya urithi) iitwayo NDP, na kwa huyu wa bawa tupu jeni hiyo imeharibika pale mwanzoni kabisa, hitilafu ileile ambayo kwa binadamu inaleta upofu wa kurithi, na kweli njiwa hawa matatizo ya macho kwao ni mengi kuliko kwa wenzao. Sasa ukimuuza kwa jina la "bluu" tu, mnunuzi atajuaje?

Na wanaosema haya ni mambo ya wazungu, utafiti huohuo ulikuta madoadoa ya njiwa wa kufugwa yalitoka kwa njiwa madoa, huyu wetu wa porini Afrika mwenye wekundu kuzunguka macho, walichanganya damu zamani.

Jina la babu libaki, sina shida nalo, pembeni liandikwe na la pili. Mimi siku hizi kabla sijatuma hela naomba picha ya bawa likiwa limekunjuliwa.