Usalama wa Ghala la Mabomu Uanzie Ndani ya Bomu

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam, na makombora yakaangukia makazi ya watu. Kabla ya miaka miwili kutimia, tarehe 16 Februari 2011, maafa kama hayo yakaikumba Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi umbali kati ya kambi na nyumba za raia, na ni mjadala wa haki kabisa, lakini naamini tunapaswa kuhoji pia kilichojazwa ndani ya mabomu yenyewe.

Nguvu ya kilipuzi ni jambo moja, na wepesi wake wa kulipuka ni jambo jingine. Kilipuzi kinaweza kuwa na nguvu ya kutosha na bado kikastahimili moto, kishindo au risasi, kikangoja kiwashio chake. Ghalani sifa hii ina thamani kubwa, kwa sababu kinachoangamiza mtaa mzima si bomu la kwanza, bali ni yale yaliyopangwa kando yake yanayolipuka kwa kufuatana. Bomu lenye ujazo mstahimilivu likiunguzwa hutarajiwa kuungua au kupasuka ganda bila kuyalipua mengine.

Wanajeshi wa majini wa Marekani walilipia somo hili kwa damu. Mwaka 1967, karibu na pwani ya Vietnam, roketi iliyofyatuka kwa ajali kwenye USS Forrestal, meli ya kubebea ndege za kivita, iliwasha mafuta ya ndege, na mabomu ya zamani yaliyozingirwa na moto huo yakalipuka mapema mno, wazimamoto wakiwa bado wanapambana nao. Wakafa watu 134. Baadaye juhudi za kutafuta vilipuzi vistahimilivu zilipamba moto, na mwaka 2010 jeshi la nchi kavu la Marekani liliidhinisha kilipuzi stahimilivu kiitwacho IMX-101 kichukue nafasi ya TNT, kilipuzi cha zamani, katika makombora ya mizinga.

Najua vilipuzi hivi vina gharama, na havibadilishi chochote katika shehena kuukuu. Baruti ya kurushia makombora huchakaa ghalani, joto kama la pwani yetu huharakisha uchakavu huo, na ikifikia hatua mbaya inaweza kujiwasha yenyewe. Kwa hiyo napendekeza shehena zilizochakaa ziteketezwe kwa utaratibu salama, kwa kuanzia na maghala yaliyo jirani na makazi, na ustahimilivu uwe sharti katika kila ununuzi mpya, hata kama bajeti italazimisha kununua mabomu machache zaidi.