Je, Wingi wa Watu Ndio Unaowanyima Vijana Ajira?

Kila takwimu za ukosefu wa ajira zinapotangazwa katika nchi zinazoendelea, lawama ya kwanza huangukia uzazi: watu wanaongezeka upesi kuliko nafasi za kazi, basi na wazae wachache. Hoja hii ina msingi. Benki ya Maendeleo ya Afrika imekadiria kwamba kila mwaka vijana kati ya milioni 10 na 12 huingia katika soko la ajira barani humo, ilhali ajira rasmi zinazopatikana ni takribani milioni 3 tu. Serikali inayojenga madarasa kila mwaka ili tu isirudi nyuma hubakiwa na fedha chache za umeme na viwanda.

Hata hivyo, ukilinganisha nchi kwa nchi, hoja hiyo inayumba. Nchini Niger mwanamke huzaa kwa wastani takribani watoto sita. Afrika Kusini ni chini ya watatu. Kama uzazi ungekuwa chanzo kikuu, Niger ndiyo ingeongoza kwa ukosefu wa ajira. Kumbe ni Afrika Kusini ambayo kiwango chake rasmi kimezidi asilimia 30 kwa miaka kadhaa, huku cha Niger kikiwa cha chini mno. Sisemi kwamba Niger imefanikiwa, la hasha. Kwa vipimo vya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu katika wiki inayopimwa huhesabiwa kuwa na ajira, na maskini asiye na akiba hawezi kukaa akisubiri kazi nzuri: atachuuza, atafanya kibarua, ataambulia chochote. Takwimu ya chini huficha kazi isiyoshibisha.

Lakini swali la Afrika Kusini linabaki palepale: mbona uzazi ulipungua na kazi hazikuja? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika takribani asilimia 7 tu ya ardhi, kisha utawala wa ubaguzi wa rangi ukawapa elimu duni na kuwalazimisha kuishi mbali na mahali penye kazi. Kilimo kidogo na biashara ndogo, ambazo kwingineko humpokea kijana aliyekosa ajira rasmi, zilibanwa kwa vizazi vingi. Jeraha la namna hiyo haliponywi kwa kuhesabu watoto.

China nayo ilifuata sera ya mtoto mmoja kwa zaidi ya miaka 30, na bado Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini wenye umri wa miaka 16 hadi 24 ulifikia asilimia 21.3. Vijana hao wote walizaliwa sera hiyo ikiwa inatumika.

Wapo watakaoitaja Korea Kusini, ambako uzazi ulishuka kwa kasi na uchumi ukapaa. Ni kweli, ila huko kulitangulia ugawaji wa ardhi na elimu ya msingi kwa wote, na viwanda vya bidhaa za kuuza nje vilikuwa vikiongezeka wakati uleule uzazi ulipokuwa ukipungua. Uzazi wa mpango una sababu zake njema, ya kwanza ikiwa afya na hiari ya mwanamke; hauwezi kubebeshwa kazi ya wizara za kilimo na viwanda. Kijana atakayetimiza miaka 18 mwaka 2040 alizaliwa mwaka 2022, na hakuna sera ya uzazi itakayotungwa leo inayoweza kumwondoa katika foleni ya waomba kazi.