Mama Mwenye Nyumba na Tuzo ya Nobeli

Ndevu nyeupe, miwani na lafudhi ya Unguja ninavyo tangu zamani, na havijawahi kunipa hasara. Nilifundisha Jiografia navyo mpaka nikastaafu. Sasa nauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, nimevitandaza juu ya turubai.

Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021 ikatangazwa huko Stockholm kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ameshinda Nobeli ya Fasihi. Mji mzima ukashangilia, kisha ukaanza kuulizana: ndiye nani huyo? Haki yao. Mtu kaondoka kijana, kaishi Uingereza, anaandika kwa Kiingereza, na wakati huo hapakuwa na riwaya yake hata moja kwa Kiswahili. Tafsiri ya kwanza, *Peponi*, ilitoka mwaka uliofuata.

Ijumaa asubuhi, kijana anayeuza makava ya simu jirani yangu akaitazama picha kwenye simu yake, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Mwalimu! Kumbe ndiye wewe, unatuzuga na turubai?"

"Si mimi. Yule yuko Canterbury."

"Sikieni anavyojishusha!"

Watu wakajaa. Nikatoa kitambulisho, wasome jina langu wenyewe. Bwana mmoja mwenye tai akakipitia, akawaelimisha wenzake kwamba waandishi wakubwa hutumia majina ya kalamu. Akachukua kitabu cha Fizikia cha kidato cha pili, chenye jalada lililoliwa na mchwa, akalipa bila kuomba apunguziwe, kisha akataka nikisaini. Nikamwambia hicho sikukiandika mimi. Akasema hata zile riwaya nimeanza kwa kuzikana. Nikasaini. Foleni ilikuwa inamsubiri.

Adhuhuri mpwa wangu akapiga simu kutoka Tanga.

"Shikamoo mjomba. Nasikia ni kroni milioni 10 za Sweden. Nimepiga hesabu, inapita bilioni 2 za kwetu. Mjomba, na sukari hiyo uliyonayo, utazimaliza peke yako?"

Gurnah mwenyewe alipopigiwa simu ya ushindi alikuwa anaandaa chai, akadhani anafanyiwa mzaha. Profesa mzima, na kazi ni yake, alisita kuamini. Mama mwenye nyumba wangu hakusita. Jioni nilimkuta kibarazani kajitanda khanga mpya, na chai ya tangawizi kaniwekea. Tangu nihamie pale sijawahi kupewa hata maji.

"Hongera, Mwalimu. Mwenyezi Mungu akuzidishie. Sasa ile kodi ya tangu Ramadhani tuimalize. Na kuanzia mwezi ujao chumba kimepanda, maana si vizuri mtu wa hadhi yako kukaa chumba cha bei rahisi."

Nikatoa gazeti mfukoni. Nikaliweka lile picha la ukurasa wa mbele sambamba na uso wangu, nikamwomba atazame pua, atazame paji, atazame masikio. Alitazama kwa makini. Akavaa miwani yake, akatazama tena. Nikaona ameanza kuelewa, nikashusha pumzi, nikainyanyua chai.

"Kweli, si wewe," akasema. "Huyu ni nduguyo. Mpigie sasa hivi, mimi nasubiri hapa."