Bili ya nyumba ije na jina la halmashauri

Kila Machi, hapa England ninapoishi, bahasha ya halmashauri inaingia kupitia tundu la mlangoni. Ndani mna kodi ya nyumba, si pango bali ile inayolipwa kwa halmashauri, kwa mwaka unaoanza Aprili, kiasi cha kulipa kila mwezi kwa miezi kumi, na jedwali la nani anachukua nini. Halmashauri fungu lake, polisi lao, zimamoto lao, na mstari wa peke yake kwa ajili ya huduma za wazee na watu wazima wasiojiweza. Kando ya kila mstari imeandikwa asilimia iliyopanda tangu mwaka jana.

Mwaka wangu wa kwanza sikuifungua. Nilijiambia mimi ni mpangaji, na kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, ndivyo nilivyokuwa nikijua tangu Temeke, Dar es Salaam. Ikaja barua ya kunikumbusha, ikinipa siku saba. Ikafuata ya kudai mwaka mzima kwa mkupuo, halafu wito wa mahakama. Ndipo nikaelewa kwamba huku, kwa kawaida, anayedaiwa ni anayelala ndani ya nyumba, awe mwenyewe au mpangaji. Nililipa deni, nikalipa na gharama za mahakama juu yake, katika mwezi ambao nilikuwa nimeahidi kutuma hela ya paa la mama. Tangu hapo naisoma bahasha ile mstari kwa mstari.

Na nilipoanza kuuliza, niligundua kwamba hesabu yao huanzia kwenye matumizi. Sheria inaitaka halmashauri ipitishe bajeti isiyo na pengo kabla mwaka wa fedha haujaanza, na hairuhusiwi kukopa ili iendeshe shughuli za kila siku. Basi wanaorodhesha kwanza wanachopaswa kutumia: wazee, watoto walio chini ya uangalizi, taka, maktaba, barabara. Wanatoa ruzuku ya serikali kuu, wanatoa kodi ya majengo ya biashara, wanatoa ada za maegesho na vibali. Kinachobaki hakijapata mlipaji ndicho kinachogawanywa kwa nyumba za watu. Nyumba ziko katika madaraja nane, A hadi H, na D ndiyo kipimo: mwaka wa fedha 2025/26 wastani wa daraja hilo England ulikuwa pauni 2,280. Anayeishi peke yake anapunguziwa robo. Halmashauri nyingi zenye jukumu la wazee zikitaka kupandisha kwa asilimia 5 au zaidi, zinapaswa kuwauliza wananchi kwa kura, isipokuwa serikali kuu imewaruhusu.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Asubuhi naingia nyumba nne au tano: namwogesha huyu, namlisha yule, nahakikisha dawa zimemezwa. Sehemu kubwa ya ziara hizo hulipiwa na halmashauri. Kwa hiyo jirani anaponiambia kodi imepanda tena na shimo la barabarani liko palepale, mimi najua pesa imekwenda wapi, maana naishika kwa mikono yangu. Wazee na watoto ndio wanaokula sehemu kubwa ya bajeti. Mwenye afya njema anayepita barabarani haoni kitu hicho, anaona shimo tu.

Sisemi mfumo wao ni wa haki. Madaraja yale yamepangwa kwa thamani ya nyumba kama ilivyokuwa Aprili 1991, na England haijawahi kuyapanga upya. Mwenye jumba la daraja H hulipa mara mbili tu ya mwenye nyumba ya daraja D katika halmashauri hiyohiyo, hata jumba lake likiwa na thamani mara kumi. Wala bahasha yenye jedwali haizuii uzembe. Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham, kubwa kuliko zote huko, ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Wakazi wakapandishiwa kodi kwa asilimia 9.99 mwaka 2024, kisha 7.49 mwaka 2025, huku huduma zikikatwa. Ni adhabu kali kwa watu ambao hawakusaini mkataba wowote. Lakini walijua wamkamate nani. Jina la halmashauri limo kwenye bili.

Sasa turudi nyumbani.

Dada yangu anapanga Mbagala, chumba na sebule. Akinunua umeme, ujumbe wa LUKU, ile mita ya kulipia kabla, unamwonyesha VAT, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati), ya REA (umeme vijijini), na mara moja kwa mwezi kodi ya jengo. Utaratibu huu ulianza Agosti 2021, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, na 90,000 kwa kila ghorofa ya jengo la ghorofa mijini. Kisheria kodi ni ya mwenye jengo. Kiuhalisia anakatwa mwenye tokeni, na mpangaji gani wa Mbagala atasimama mbele ya mwenye nyumba wake kudai arudishiwe 1,500?

Kiasi chenyewe hakinisumbui. Shilingi 18,000 haifiki hata pauni kumi, na mji wa watu mamilioni hauwezi kusafishwa wala kumulikwa kwa pesa hiyo. Linaloniuma ni kwamba nyumba ya chini yenye bustani na ukuta mrefu Masaki inalipa sawasawa na nyumba ya tofali za saruji Mbagala. Kiwango kimoja kwa wote tunakijua, tulikiita kodi ya kichwa. Wazee wetu waliwakimbia migambo walipokuja kuidai, ikaja na jina la kodi ya maendeleo, mpaka serikali ikaifuta mwaka 2003. Waingereza nao walitungiwa sheria ya kodi kama hiyo mwisho wa miaka ya 1980, wakaingia barabarani London Machi 1990, na mwaka 1993 ikaja hii ya madaraja. Leo sisi tumeirudisha kwa nyumba badala ya vichwa.

Linaloniuma zaidi ni njia inayopita. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na sasa unapita kwenye mita ya umeme. Halmashauri ikabaki na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni, leseni, vibali vya ujenzi, na ushuru wa masoko na stendi. Kisha mkurugenzi anapewa lengo la mapato ya ndani, nalo lazima litimie. Atalitimiza kwa nani? Kodi ya jengo la ghorofa sita inakatwa kwenye umeme, haipiti mkononi mwake. Lake ni yule mama aliyetandaza ndizi kwenye kivuli cha jengo hilo. Ninapowaona wakusanya ushuru na mashine zao za POS alfajiri sokoni, siwachukii. Wametumwa kuziba pengo kubwa kwa kutumia watu wenye mitaji midogo kuliko wote mjini.

Na diwani? Dada alimwuliza wa kwao kuhusu mtaro unaofurika kila masika. Akajibiwa fedha hazijaja. Ni jibu la kweli, na ndiyo shida yenyewe: mdomoni mwa diwani wetu fedha huwa zinakuja, hazikusanywi. Dada hakuwa na la kumjibu, kwa sababu hata yeye hajioni kama mlipa kodi wa Temeke. Anajiona mnunuzi wa umeme.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Halmashauri zilipokuwa zikikusanya zenyewe, nyumba nyingi hazikuwa hata kwenye daftari, wathamini walikuwa wachache, na stakabadhi nyingine ziliishia mifukoni. LUKU inamfikia kila mwenye mita bila afisa kugonga mlango. Basi mita ikusanye. Lakini fedha iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya halmashauri ambayo nyumba imo, viwango vipangwe kwa eneo na ukubwa wa jengo, na mpangaji apewe njia ya kisheria ya kukata kwenye pango la chumba kiasi alichokatwa kwenye umeme.

Na kwenye ule ujumbe wa tokeni, chini ya REA, kiongezwe kijistari kimoja: Manispaa ya Temeke, shilingi 1,500. Masika ijayo dada aende nao kwa diwani.