Laiti Ningevunjika Mguu

Ninaishi Oslo, mji ambao maduka mengi hufungwa Jumapili, na mtu aliyekulia Tanga angetarajia kwamba watu waliofungiwa maduka watalala mpaka saa tano, wanywe chai kwa vitumbua, kisha wakae kungoja chakula cha mchana. Wanorwe hawana habari hiyo. Ikifika saa tatu asubuhi, treni namba 1 iendayo Frognerseteren imekwisha kujaa mabibi wa miaka sabini na kitu, wamekumbatia mbao zao za skii, yaani za kutelezea juu ya theluji, wanameremeta kama wanaokwenda kuposa.

Msiba wangu ni kwamba mke wangu amewazidi. Mama Neema ni mzaliwa wa Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, na miaka yote aliyokaa huko hakuwahi kuupanda mlima huo, walau afike kituo cha Mandara. Tangu tuhamie huku, hata hivyo, amegundua kwamba theluji ni jadi yake, na kila nikilalamika hunikumbusha kwamba Mzee Yohani Lauwo, Mchaga wa Marangu, anatajwa kuwa ndiye aliyemwongoza Mjerumani Hans Meyer kwenda kilele cha Kibo mwaka 1889, utadhani mzee huyo alimwachia wosia. Mimi kwetu ni usawa wa bahari. Mlima niliouzoea ni ngazi za kwenda ghorofani kwa shangazi. Basi Jumamosi ni skii, Jumapili ni skii, na usiku ulio katikati ni wa kupaka mbao nta.

Ajali yenyewe haina fahari. Kwenye mteremko, njia ilikata kushoto, mimi nikaendelea moja kwa moja. Nilianguka fimbo ikiwa mkononi na ugwe wake umenizunguka kiganja. Fimbo ikakwama, mwili ukapita, dole gumba likabaki nyuma. Daktari akanieleza kwamba jeraha hilo ni maarufu kwa watu wa skii, kwamba kano iliyo upande wa ndani, kwenye shina la dole gumba, huvutika hata ikachanika, na kwamba yangu, kwa bahati nzuri, ilichanika kidogo tu, kwa hiyo sitapasuliwa bali nitafungwa hogo kwa wiki kadhaa.

Eti bahati nzuri! Aliyevunjika mguu hulazwa kwenye kochi, huletewa uji, na Watanzania wenzake humtembelea na maembe. Aliyeumia dole gumba huambiwa pole mara moja, tena mlangoni, na anayempa pole ameshika funguo za gari.

Na hakuna kiungo ninachokihitaji zaidi. Unga wa mahindi tunaununua Grønland, mtaa wa hapa hapa Oslo, kwa bei ya kutia uchungu, halafu siwezi kuula ugali wake kwa heshima, maana vidole vinne vitamega na kuviringisha tonge, lakini dole gumba ndilo linalolibonyeza likapata shimo la kuchotea mchuzi. Mkono wa kushoto sithubutu. Marehemu bibi angefufuka. Nala kwa kijiko, mbele ya binti yangu, ambaye mwaka jana nilimgombeza kwa kosa hilohilo, naye ananitazama bila kusema neno. Vifungo vya shati hunifungia Mama Neema, tena kwa haraka, hivyo nafika kazini kola imepanda upande mmoja. Simu nayo inalitambua dole lile lile lililozikwa ndani ya hogo.

Huyo Mama Neema, tulipokuwa kwa daktari, hakuuliza habari za maumivu. Aliuliza kama miguu ni mizima. Daktari, ambaye uso wake mwenyewe ulikuwa umebabuliwa na jua la milimani, akajibu kwa furaha kwamba naweza kuendelea na skii bila fimbo, kwani hata watoto wa Norwe huanza hivyo ili wajifunze kujisawazisha. Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Hogo halikuingia kwenye glavu yoyote, kwa hiyo mke wangu alilivisha soksi yake nyekundu ya sufu akaifunga kwa mpira. Mjini Wanorwe hawamsalimu mtu wasiyemjua hata mkikaa kiti kimoja, lakini katika msitu wa Nordmarka humsalimu kila mpita njia, na walioiona soksi ile walisimama wakanisimulia kwa shangwe habari za magoti, mabega na vifundo vyao. Hakuna aliyenishauri nirudi nyumbani. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa mtoto wa chekechea, ambaye baada ya kunitazama nikianguka alinionyesha, kwa upole mkubwa, namna ya kutanguliza makalio.

Nilikuwa nimeweka matumaini yangu kwenye mwezi wa Aprili, theluji ikiyeyuka. Jana Mama Neema amerudi na baiskeli mbili. Nilimwinulia hogo bila kusema kitu.

"Ondoa wasiwasi, Baba Neema," akasema, "nimekwisha kumwuliza muuzaji. Breki zote zinahamishika kwenda mkono wa kushoto."