Seva ndogo? Chukua LVM na ext4

Karibu kila anayeniuliza apangeje diski za seva yake ya Linux huwa ameshavutwa na ZFS, mfumo unaosimamia diski na faili kwa pamoja. Simlaumu. ZFS, iliyotoka kwa Sun Microsystems, huhakiki data kila inapoisoma, na ukiwa na diski mbili zenye nakala sawa, ikikuta upande mmoja umeharibika hujirekebisha yenyewe. Tatizo ni leseni yake, CDDL, iliyoizuia kuingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Kila kerneli ikipanda toleo, moduli ya ZFS nayo lazima ilingane. Kwa ofisi yenye mtu mmoja wa IT, ambaye ndiye huyo huyo anayeitwa printa ikikwama, huo ni mzigo.

Mimi naendelea kushauri LVM, inayounganisha diski kuwa kundi na kuzigawa katika volyumu, yaani sehemu za kuhifadhia, na ext4, mfumo wa faili unaokaa juu ya volyumu hizo. Diski ikianza kuchoka, unachomeka mpya, unaiongeza kwenye kundi, kisha amri ya pvmove inahamisha data huku watu wakiendelea na kazi zao. Nafasi ikipungua, amri ya lvextend -r inapanua volyumu na mfumo wa faili kwa pamoja. Ninalolipenda zaidi halisemwi sana: ramani ya volyumu zako huhifadhiwa kama maandishi ya kawaida ndani ya /etc/lvm/backup. Unaifungua, unaisoma, unaona kipi kiko diski ipi. Ila folda hiyo uinakili nje ya seva. Ikifa pamoja na diski itakusaidia nini?

Kwa nini si XFS, mfumo mwingine wa faili ambao Red Hat wameufanya chaguo-msingi kwenye Linux yao, RHEL, tangu RHEL 7? Kwa sababu ukishaipanua, kuirudisha chini ni shughuli ya kuhamisha data yote na kuanza upya. Nani hajawahi kuipa /home (faili za watumiaji) nafasi kubwa, /var (data za programu) ikabaki inabanwa? ext4 unaipunguza, japo sharti uiondoe kwanza kwenye matumizi (unmount).

Btrfs, mfumo mwingine wa faili, naikubali kwenye laptop. Fedora, Linux nyingine, waliiweka kama chaguo-msingi la kompyuta za mezani mwaka 2020. Lakini RHEL 8 iliiondoa kabisa, na RAID5 yake, njia ya kusambaza data kwenye diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee, hata nyaraka zake zenyewe zinakuonya usiitegemee.

LVM nayo ina udhaifu wake. Snapshoti ya kawaida, yaani picha ya volyumu ilivyokuwa wakati fulani, hupunguza kasi ya kuandika, na nafasi uliyoitengea ikijaa, snapshoti inaharibika papo hapo. Ichukue kabla ya kusasisha mfumo, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, kisha ifute. Usiihesabu kuwa bakapu.