J ikubakishe kwenye ajenda

Ukiwa kwenye ajenda (orodha ya kazi za siku) ya Org-mode, programu ya kupanga kazi ambayo Carsten Dominik aliianzisha mwaka 2003 ndani ya kihariri maandishi Emacs, herufi kubwa J hukurudisha kwenye kazi ambayo saa yake ya kurekodi muda inatembea. Watumiaji wanavutana kuhusu mahali pa kurudishwa: kwenye mstari wa kazi hiyo palepale katika orodha ya siku, au ndani ya faili ilimoandikwa? Awali J ilifungua faili katika dirisha la pili. Siku hizi hukubakisha kwenye ajenda, na faili hufunguka tu ikiwa kazi haimo kwenye orodha.

Wanaotaka faili wana hoja. Maelezo ya kazi na rekodi za muda viko kule, ajenda inavionyesha tu. Tena kitufe kimoja chenye tabia mbili huchanganya vidole vilivyozoea.

Lakini mtu aliye kwenye ajenda anauliza nini hasa? Mimi hutafsiri nyaraka hapa Ngara na kulipwa kwa saa. Siku moja, enzi za tabia ile ya awali, nilikuwa na kazi 19 kwenye orodha, mteja wa pili akapiga simu akitaka marekebisho ya haraka. Nikabonyeza J nione saa iko wapi. Faili ikafunguka, macho yakaangukia aya niliyoiacha nusu, nikaanza kuinyoosha. Baadaye nikafanya marekebisho ya yule wa pili, saa bado ni ya wa kwanza. Nilipoizima, rekodi ilionyesha => 1:52 kwa kazi ya nusu saa hivi. Dakika 82 za mtu mwingine, na ankara ilikuwa itoke jioni. Ilinibidi nikae nikumbuke niliinuka saa ngapi, simu iliingia lini, nikate wapi. Muda uliokisiwa namna hiyo siwezi kuutetea mbele ya mteja, hata nikiwa mkweli kiasi gani.

Ningebaki kwenye orodha, ningeuona mstari wenye saa, nishuke mistari mitatu hadi kwa mteja wa pili, nibonyeze I kuwasha saa yake. Kuwasha saa mpya huizima ya zamani. Ni kweli kwamba jina la kazi huonekana chini ya skrini, ila halikuonyeshi kazi hiyo imekaa wapi kati ya nyingine.

Anayetaka faili moja kwa moja bado ana C-c C-x C-j (yaani Ctrl pamoja na c, kisha x, kisha j). Na hiyo tabia ya pili inayolalamikiwa imenisaidia: faili ikifunguka, najua mara moja kwamba saa inahesabu kazi ambayo haimo kabisa kwenye orodha yangu ya leo.